Maktaba za biti 32 kwenye Debian ya biti 64: nilivyoifufua mizani ya Shimanzi

Kompyuta ya mizani katika godauni moja la Shimanzi, Mombasa, ilikufa kwa kutu. Upepo wetu wa baharini una chumvi, na chumvi ikishaingia ndani ya kasha haitoki. Nilipolifungua, bodi ilikuwa imeota ukijani pembe zote. Diski ilipona. Ndani yake mlikuwa na programu ya kupimia magunia na msimbo wake, mizani.c, ulioandikwa kwa C na mtu ambaye hapatikani tena, pamoja na faili moja iitwayo libpima.a iliyokuja na mizani yenyewe. Faili hiyo ni ya biti 32, na msimbo wake asilia hatuna. Mzee mwenye godauni aliniambia, "Mwanangu, hesabu zangu za uzani usinipotezee hata mstari."

Wengi watakushauri uikompaili upya (ugeuze msimbo kuwa programu) kwa biti 64, yaishe. Hapa libpima.a peke yake inazuia, lakini hata kama isingekuwepo, tazama data kwanza. Katika Linux ya biti 32, namba ya aina ya long huchukua baiti 4; katika ya biti 64 huchukua 8. Programu hii huandika rekodi zake kwa kumwaga struct (fungu la data la C) nzima kwenye faili kama ilivyo. Ikikompailiwa kwa biti 64 itafungua faili ile ile, isome kila rekodi mahali pasipo pake, wala isilalamike. Itatoa kilo, nazo ni kilo za uongo. Kwa mwenye mali, hilo ni baya kuliko programu inayokataa kuwaka.

Basi anza kwa kuijua programu na mashine:

file mizani
dpkg --print-architecture

Amri ya kwanza ilinijibu ELF 32-bit, Intel 80386, yaani programu ya biti 32. Ya pili lazima ijibu amd64, yaani prosesa za biti 64 za Intel na AMD. Ikijibu arm64, simama hapo: prosesa hiyo haielewi maagizo ya ukoo wa 386 na njia hii haitakufaa. Prosesa za amd64, tangu AMD walipotoa Opteron mwaka 2003, zinaelewa biti 32 na 64 zote mbili. Kinachopungua ni maktaba za biti 32, yaani faili za msimbo ambazo programu huzitegemea.

Mimi nilitumia Debian 12, mfumo mmojawapo wa Linux. Ukiiendesha programu ya zamani kabla ya kuweka chochote utaambiwa "required file not found", na kwenye matoleo ya nyuma "No such file or directory", ilhali faili unaiona kwa macho yako. Isiyoonekana ni /lib/ld-linux.so.2, ambayo programu ya biti 32 huiita kwanza ili iipakilie maktaba zake. Kijana anayenisaidia alinakili programu hiyo mara tatu kutoka kwenye flashi akidhani imeharibika. Haikuwa na kasoro yoyote.

Sasa kazi yenyewe. Maelekezo mengi ya zamani yatakutuma uweke ia32-libs. Kifurushi hicho kiliachwa tangu Debian 7 mwaka 2013, usikitafute. Andika hivi:

sudo dpkg --add-architecture i386
sudo apt update
sudo apt full-upgrade
sudo apt install gcc-multilib libc6:i386 libncurses-dev:i386

i386 ndiyo biti 32, gcc-multilib huiwezesha kompaila ya gcc kukompaili kwa biti 32, na libncurses ni maktaba ya kuchora skrini ya maandishi. Mstari wa tatu watu huuruka, na ndipo shida huanzia. Maktaba iliyowekwa kwa miundo miwili, amd64 na i386, ni lazima iwe toleo lile lile kwa herufi na namba. Moja ikitangulia, labda kwa sababu uliitoa kwenye ghala la nje, apt itakataa au itataka kuiondoa nyingine. Kagua hivi, kwa mfano maktaba ya libtinfo6 ambayo libncurses huitegemea:

apt policy libtinfo6 libtinfo6:i386

Zikitofautiana, irudishe ile ya amd64 kwenye toleo la Debian kwanza, ndipo uendelee.

Na tafadhali, soma orodha ya vitakavyoondolewa kabla ya kubonyeza Y. Kwenye kompyuta yangu ya kazi, hapa Mwembe Tayari, nilikuwa na kompaila ya kutengenezea programu za ARM. gcc-multilib haikai nayo pamoja, hivyo apt ikapanga kuing'oa. Nilijibu n, nikaifanya kazi ya mizani kwenye mashine nyingine. Usipokuwa na mashine ya pili, debootstrap yenye --arch=i386 itakujengea Debian nzima ya biti 32 ndani ya folda moja, nawe uingie humo kwa amri ya chroot.

Usiiguse programu kubwa bado. Jaribu na kijiprogramu, jaribu.c:

#include <stdio.h>
int main(void) { printf("%zu\n", sizeof(long)); return 0; }

gcc -m32 jaribu.c -o jaribu && ./jaribu

Jibu liwe 4. Ukiambiwa bits/libc-header-start.h haipo, gcc-multilib haikuingia vizuri.

Programu ya mzee niliikompaili hivi:

gcc -m32 -no-pie -fcommon mizani.c libpima.a -lncurses -o mizani

Kila neno hapo lina sababu. -m32 huagiza biti 32. -no-pie ni kwa kuwa Debian ya leo hutengeneza programu zinazoweza kupakiwa popote kwenye kumbukumbu, na libpima.a haikukompailiwa kwa mtindo huo. Bila neno hilo utapata malalamiko ya relocation. -fcommon ni kwa sababu GCC, kuanzia toleo la 10, haikubali tena kigeu kimoja kutangazwa kwenye faili mbili bila extern, jambo ambalo waandishi wa zamani walilifanya kila siku. Na libpima.a ije baada ya mizani.c, kwani kiunganishi husoma kutoka kushoto kwenda kulia.

Kisha andika ldd mizani, inayoorodhesha maktaba zake, uhakikishe hakuna "not found". Mtumiaji wa karani umwingize kwenye kundi la dialout, la sivyo hataufikia waya wa mizani.

Nilikaa na karani asubuhi nzima, yeye na daftari lake la karatasi, mimi na skrini, tukilinganisha rekodi za zamani moja moja. Zote zililingana.

Limebaki moja, nami nililisema wazi. Saa ya biti 32, inayohesabu sekunde tangu 1970, itajaa tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu. Kabla ya hapo data ihamishiwe kwenye muundo mpya. Mzee alinitaka niibandike tarehe hiyo juu ya kasha, kwa maandishi makubwa, na nimeibandika.