Namna ya Kupanga Bei za Kazi ya Kuosha Madirisha

Mteja akipiga simu huuliza swali moja tu: "Dirisha moja mnaosha kwa bei gani?" Ukimtajia bei papo hapo umeshakosea. Hujajua kama dirisha lenyewe ni kioo kizima cha aluminiamu au ni luva ya vipande 12, liko chini au ghorofa ya tatu, lilioshwa mwezi jana au halijaguswa tangu mafundi waondoke. Unachouza ni muda wa mtu aliyeshika kifutio cha mpira, kwa hiyo jua kwanza dakika yake moja inakugharimu nini.

Kupata bei ya saa

Orodhesha matumizi yote ya mwezi. Mshahara wako mwenyewe uandike juu kabisa, maana anayejilipa "kitakachobaki" kwa kawaida habakiwi na kitu. Kisha nauli au mafuta, sabuni, mipira ya vifutio, nyembe, vitambaa, bima, leseni, simu, matangazo na kodi. Mwisho weka fungu la kuchakaa kwa vifaa: ngazi utakayoitumia miaka 3, gawa bei yake kwa miezi 36 na kiasi hicho ukihesabu kila mwezi. Fungu hili ndilo husahaulika, halafu ngazi ikivunjika mtu anakopa.

Sasa hesabu saa unazoweza kutoza. Siku ya saa 8 haitoi saa 8 za kuosha. Kuna safari, kumsubiri mwenye funguo, kwenda kukagua kazi mpya, kufua vitambaa, kufuatilia madeni. Mtu mmoja akipata saa 5 akiwa kwa mteja, tangu kushusha ndoo hadi kukunja vitambaa, siku hiyo imekwenda vizuri.

Tuseme matumizi ya mwezi ni 1,300 kwa sarafu unayotumia, na unafanya kazi peke yako siku 22. Saa 5 mara 22 ni saa 110. Gawa 1,300 kwa 110, unapata 11.8. Hiyo ni gharama tupu, faida bado. Ukitaka faida iwe asilimia 20 ya bei, gawa kwa 0.8: unapata 14.75, iite 15. Usizidishe kwa 1.2. Ukifanya hivyo unapata 14.2, na faida yako itakuwa asilimia 16.7 tu ya bei, huku daftari likikudanganya kuwa ni 20.

Saa ikiwa 15, dakika ni 0.25. Namba hii ndiyo utakayotembea nayo.

Pima dakika zako

Washa kipima muda cha simu, osha madirisha kumi ya kila aina, ndani na nje, kwa mwendo wako wa kila siku. Usikimbie kwa sababu unapimwa. Andika wastani. Orodha yako inaweza kufanana na hii:

- kioo kizima cha ukubwa wa kawaida pamoja na kufuta fremu: dakika 6
- mlango wa kioo wa kusukuma, kila jani: dakika 8
- dirisha la luva la vipande 12: dakika 20
- wavu wa mbu, kuutoa, kuuosha na kuurudisha: dakika 4

Hizi ni za mfano, weka zako. Luva ndizo huwaponza wageni wa kazi hii. Vipande 12 vina nyuso 24, kifutio hakipiti, kila uso hufutwa kwa kitambaa, na vibanio vya pembeni vikiwa na kutu kipande hupasuka ukikilazimisha. Ukizitoza kama kioo kizima, faida ya nyumba yote inaishia hapo. Madirisha ya vioo vidogo vidogo vilivyotenganishwa na mbao nayo yahesabu kioo kimoja kimoja. Na yenye nondo upande wa ndani yapime peke yake, kwa sababu mkono unapita kwenye nafasi finyu na kifutio hakipati mkupuo mmoja kutoka juu hadi chini.

Nyumba yenye vioo vya kawaida 18, luva 4 na mlango wa majani mawili inakuwa hivi: 108 + 80 + 16 = dakika 204. Ongeza 20 za kupanga vifaa na kufungasha, jumla 224. Zidisha kwa 0.25, bei ni 56. Hizo ni dakika za mtu mmoja. Mkienda wawili mtamaliza kwa karibu nusu ya muda, lakini bei haishuki, kwani mishahara ni miwili.

Mteja anayetaka nje peke yake asitozwe nusu. Safari ni ile ile na kupanga vifaa ni kule kule. Asilimia 60 ya bei kamili ni mahali pazuri pa kuanzia.

Yanayopandisha bei

Mara ya kwanza, zidisha dakika za kuosha kwa 1.5. Uchafu wa mwaka mzima hauondoki kwa mkupuo mmoja, na reli za madirisha huwa zimejaa mchanga ambao ukilowa unakuwa tope. Kwa nyumba ile ile, 204 zinakuwa 306, na 20 za kupanga, bei 81.5. Mweleze mteja tangu mwanzo kwamba bei mbili zipo na kwa nini, asije akadhani umemwongezea njiani.

Urefu unataka macho. Ngazi hukaa salama mguu wake ukiwa mita 1 kutoka ukutani kwa kila mita 4 za kwenda juu. Pale penye ua, mtaro au mteremko nafasi hiyo haipatikani, na bei uliyoipanga kwa ngazi inageuka bei ya nguzo ndefu yenye brashi. Nguzo inataka maji yaliyochujwa madini, kwa sababu maji ya kawaida yakijikaukia kwenye kioo huacha nukta nyeupe. Resini, yaani chembe zinazonasa madini hayo, huisha nguvu. Andika lita ulizopata tangu uiweke hadi ilipokufa, gawa bei yake kwa lita hizo, uingize gharama hiyo kwenye kazi. Kazi ya kuning'inia kwa kamba ni fani nyingine yenye mafunzo na bima yake. Usiibandikie bei ya dirisha.

Baada ya ujenzi ndipo pesa nyingi hupatikana na ndipo nyingi hupotea. Kuna rangi, saruji, silikoni na gundi ya stika, na muda unaweza kuwa mara mbili au tatu ya kawaida. Kwenye vioo vilivyopashwa moto mkali na kupozwa haraka ili viwe imara, uso wakati mwingine huwa na chembe ndogo zilizogandia kiwandani. Wembe huzing'oa na kuzikokota, kioo kinabaki na mikwaruzo, na wa kulaumiwa ni wewe. Tafuta muhuri mdogo kwenye kona ya kioo, ndio alama ya vioo vya aina hiyo. Ukiuona, mteja atie sahihi kwamba anaijua hatari hiyo kabla hujagusa wembe. Saruji iliyodondokea kioo na kukaa muda mrefu huwa imeshakila, na alama yake haitoki kwa sabuni. Piga picha kwanza. Kazi ya aina hii usiitajie bei kwa simu hata ukibembelezwa.

Madoa ya chokaa yanayoachwa na maji yatoze kando. Jaribu sehemu ya kiganja kwa siki au dawa nyingine ya asidi hafifu, pima muda, kisha zidisha kwa eneo lililobaki. Yasipotoka kwenye jaribio, mwambie kabla ya kuchukua kazi.

Bei ya chini na punguzo

Madirisha matatu ni dakika 38 ukihesabu na kupanga vifaa, yaani 9.5, lakini yamekula asubuhi yako. Weka kiwango usichoshuka chini yake. Dakika 90, yaani 22.5, kinatosha kwa anayeanza.

Kuhusu punguzo: kwenye kazi ya 56, faida ni 11.2. Asilimia 10 unayoiachia "kwa kuwa tumezoeana" ni 5.6, nusu kamili ya faida. Kwa hiyo punguza pale tu ulipookoa muda. Majirani wawili siku moja, safari ni moja. Mteja wa kila mwezi, kioo chake hakina ukaidi, na dakika 6 huenda zikawa 4. Mpe bei ya dakika 4. Akiruka miezi mitatu, anarudi kwenye bei ya mara ya kwanza, na hilo liwe limeandikwa.

Kwenye karatasi ya makadirio taja idadi ya vioo kwa aina, pande zitakazooshwa, kama fremu, reli na nyavu zimo, kisichokuwemo, siku ambazo bei inasimama (30 zinatosha) na lini utalipwa. Neno "madirisha yote" usiliandike. Litaleta ubishi juu ya kioo cha stoo.

Baada ya kila kazi andika dakika ulizokadiria na ulizotumia. Mwaka ukiisha, gawa malipo ya kila mteja kwa saa alizochukua. Anayekuletea 11 kwa saa wakati bei yako ni 15 ndiye wa kwanza kupandishiwa, kwa taarifa ya mwezi mmoja. Akikataa, saa zake zinabaki wazi kwa mwingine.