Kuomba ruhusa ya rufaa kesi ya mtoto, hapa Malindi: hatua kwa hatua

Wadau salama. Mimi si wakili, nachapia watu karatasi za koti, na hili swali naulizwa kila wiki. Hapa naongelea kesi ya mtoto iliyoamuliwa na hakimu, rufaa yake inaenda Haikoti (Mahakama Kuu).

1. Jua unapinga nini. Hukumu ya mwisho haihitaji ruhusa ya mtu, una siku 30 kupeleka memorandamu ya rufaa (karatasi ya sababu zako za kupinga) basi. Shida iko kwa zile amri za katikati, mfano mtoto akae kwa babake mpaka kesi iishe. Zingine rufaa yake ni haki yako, zingine lazima ruhusa, na ruhusa inaombwa kwanza kwa hakimu yuleyule aliyetoa amri. Akimaliza tu kusoma simama useme "mheshimiwa, naomba ruhusa ya kukata rufaa", hata kwa mdomo yakubalika, ama upeleke maombi ndani ya siku 14. Wengi hutoka na hasira zao mpaka nje wanabishana na shemeji, nafasi ishaenda.

2. Hesabu siku kwa kalenda. Hukumu ikisomwa tarehe 5 Machi, mwisho wako ni 4 Aprili, Jumamosi na Jumapili zimo ndani. Omba nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi kwa barua, siku hiyohiyo, ubaki na nakala yenye muhuri.

3. Andika kosa la hakimu, sio mabaya ya mwenzako. Hapa ndo watu wanapotea. Eti "ana mke mwingine Watamu", sasa jaji afanyeje na hiyo? Sema hakimu aliruka ripoti ya afisa wa watoto, ama hakupima maslahi ya mtoto, ambayo Katiba kifungu cha 53 na Sheria ya Watoto ya 2022 zinayaweka mbele ya kila kitu.

4. Rufaa peke yake haisimamishi amri. Omba amri isimamishwe, kwa maombi yake ya kando, pamoja na hati ya kiapo (maelezo yako uliyoyaapia), haraka. Na usimfiche mtoto kwa bibi yake huku wangoja jaji, utashtakiwa kudharau koti.

MASWALI

Swali: Siku 30 zimepita, nilikuwa Lamu kwenye msiba. Ndo basi?
Jibu: Pole dadangu. Sio basi, omba Haikoti ikuongezee muda, kifungu cha 79G cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai. Eleza kila wiki ilivyopita na ushahidi wake, msiba hauelezi miezi mitatu. Kama koti ndo ilichelewesha nakala, omba cheti chao cha kuonyesha siku walizotumia kuitayarisha, zile siku hazihesabiwi.

Swali: Yetu iliamuliwa na kadhi, je?
Jibu: Inaenda Haikoti vilevile, ila jaji hukaa na Kadhi Mkuu au makadhi wawili wa kumshauri.

Swali: Mzee wangu alipewa mtoto mwaka jana, saa hii kaenda kazi Uarabuni, mtoto kaachiwa jirani. Nikate rufaa?
Jibu: Hapana mamangu. Hakimu hakukosea, mambo ndo yamebadilika. Rudi kwa koti ileile na faili ileile uombe amri ibadilishwe, na upitie kwanza kwa afisa wa watoto aende akaone mtoto analala wapi.