Somo: Kuwavusha wafanyakazi katika mabadiliko ya kazi

Wasimamizi wa mashamba ya chai hapa Mufindi wameniuliza jambo hili mara nyingi hata nimeona niliandike, kwa mfano wa kuacha mizani ya zamani na daftari ambamo karani huandika kilo za kila mchumaji, na kuanza kutumia mizani ya kidijitali.

1. Andika katika ukurasa mmoja kinachobadilika, sababu yake na tarehe.

2. Anza kati ya Juni na Agosti, baridi inapopunguza majani, si wakati wa mvua.

3. Waambie wanyapara kwanza. Hapa ndipo nilipokosea. Niliitisha mkutano wa wafanyakazi wote, nikaeleza, watu wakanyamaza, nami nikadhani ukimya ule ni ridhaa. Jioni wachumaji waliwaendea wanyapara wao kuuliza maana ya maneno yangu, nao, kwa kuwa waliyasikia saa ileile na wenzao, walijibu kwa kubahatisha. Kesho yake shamba zima liliamini kwamba makarani wanafukuzwa na wachumaji watapunjwa kilo. Tahadhari: kaa na wanyapara siku kadhaa kabla, waache wabishe, wala usiitishe mkutano mpaka kila mmoja aweze kuyaeleza mabadiliko hayo kwa maneno yake mwenyewe.

4. Kwa wiki mbili pima kwa mizani zote mbili, ya zamani na mpya, mchumaji akiona.

Maswali

Mwanachama, Njombe: Kwa hiyo nianze na mkutano mkuu?

Jibu: Hapana. Soma hatua ya 3.

Mwanachama, Tukuyu: Shikamoo, mama. Makarani ambao kazi yao inakwisha niwaambie nini?

Jibu: Marahaba, mwanangu, umeuliza vizuri. Usiwaahidi usichokuwa na mamlaka nacho. Tazama kwanza kama wanaweza kufundishwa kuendesha mizani mpya. Ikibidi kupunguza watu, kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka mwajiri atoe taarifa mara anapokusudia, kisha ashauriane nao, au na chama chao, kuhusu sababu, njia za kuepuka, namna ya kuchagua na malipo. Kiinua mgongo hakipungui mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10.

Mwanachama, Iringa: Sisi kila asubuhi tuliweka jiwe la kilo 10 juu ya mizani, wachumaji wakishuhudia.

Jibu: Ahsante sana, ndugu yangu, hilo naliongeza katika hatua ya 4. Waonyesheni pia stika ya Wakala wa Vipimo.