Namna ya Kutambua Kanuni Zinazohusu Huduma Mpya ya Mawasiliano Tanzania

Mtu anayetaka kuanzisha televisheni ya mtandaoni au programu ya kupigia simu kwa intaneti mara nyingi hulitafuta jina la huduma yake ndani ya sheria, na asipoliona hudhani kwamba huduma hiyo bado haijatungiwa sheria. Dhana hiyo inaweza kumgharimu. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, Sura ya 306, imejengwa zaidi juu ya kazi zinazofanyika kuliko majina ya vifaa. Anza basi kwa kuuliza ni nani anafanya kazi gani.

Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003 ikachukua kazi za Tume ya Mawasiliano na Tume ya Utangazaji, hutoa leseni katika makundi makuu manne: miundombinu ya mtandao, huduma za mtandao, huduma tumizi zinazopita juu ya mtandao huo, na maudhui. Chukua mfano wa kijana anayerusha mkutano wa hadhara mubashara kwa simu yake. Mnara na mkonga vina mwenyewe, bando amelinunua kwa kampuni ya simu, lakini maneno na picha ni vyake, kwa hiyo lazima asome upande wa maudhui. Zamani kazi hiyo ilihitaji gari la matangazo na kituo kizima. Kifaa kimebadilika, kazi ni ileile.

Ukishalijua kundi lako, shuka kwenye kanuni, kwa kuwa ndizo hubadilika haraka kuliko sheria mama. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilitungwa mwaka 2018, zikafutwa na nafasi yake kuchukuliwa na kanuni za mwaka 2020, Tangazo la Serikali Na. 538, ambazo nazo zilirekebishwa mwaka 2022. Anayeshika nakala ya 2018 aliyotumiwa na rafiki anasoma kanuni iliyokwisha kufa. Kabla ya kuiamini nakala yoyote, tazama namba ya tangazo na mwaka, angalia imefuta nini, kisha tafuta marekebisho yaliyofuata. Baada ya hapo soma tafsiri ya maneno, sehemu ambayo wengi huiruka, ingawa kwa maoni yangu ndiyo muhimu kuliko zote: humo ndimo utakapojua kama wewe ni mtoa maudhui au mtumiaji tu.

Usajili wa laini za simu unaonyesha vizuri jinsi kanuni zinavyobadilika huku wajibu ukibaki uleule. Sharti la kusajili liliendelea kuwa lilelile, ila kuanzia tarehe 1 Mei 2019 namna ya kulitimiza ikawa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha Taifa. Leo mwananchi hupiga *106# na kuona laini zilizosajiliwa kwa namba yake.

Usiishie kwenye Sura ya 306. Huduma inayokusanya majina na namba za wateja inaguswa pia na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na yapo makosa yaliyoainishwa katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kwa aliyeko Zanzibar, simu ni suala la Muungano, lakini utangazaji una chombo chake, Tume ya Utangazaji Zanzibar.

Mwisho, rasimu ya kanuni inapotolewa kwa maoni ya wadau, usiandike malalamiko ya jumla. Taja namba ya kanuni, nakili maneno yanayokusumbua, eleza yatakavyoiathiri kazi yako, kisha andika maneno unayotaka yawekwe badala yake, kwa sababu mwandishi wa sheria anaweza kuyapima maneno yaliyo tayari kwa urahisi zaidi kuliko manung'uniko.