Unataka kuwa dijei na promota Nairobi? Anzia kwa meza, si kwa mashine

Kabla ununue chochote, tafuta klabu moja Westlands, ingine Thika Road pale kati ya Roysambu na Kasarani, na ingine ya mtaani kwenu. Enda ukae karibu na kaunta, agiza soda, halafu angalia watu. Hapa kwetu wasee hawajai dansifloo vile unaona kwa video za ng'ambo, wanakaa kwa meza na chupa zao na wakichangamka wanadansia hapo hapo kando ya kiti, kwa hivyo dijei anayejua kazi anasoma meza moja moja, anajua hii ya birthday inataka nini na ile ya wazee watatu pale kona inangoja rhumba. Utaona pia ngoma inayolipua Westlands ikipigwa Thika Road watu wanaboeka wanatoa simu, halafu ikishuka mugithi, ile ya Kikuyu ya gitaa, weita wanaanza kukimbia na oda. Na hapo kwa weita ndio kuna siri yenyewe, juu klabu inauza pombe. Meneja hasikilizi vile umeunganisha ngoma, anasikiliza kaunta.

Mashine sasa. Laptopu na programu ya Virtual DJ zinatosha kuanza, ukipata pesa kidogo chukua kontrola ndogo, ile meza ya vitufe unaunganisha na laptopu, kama DDJ-400 ama DDJ-FLX4, hata ya mtumba, lakini jaribu kila kitufe na kila fada, vile vitelezi vya sauti, kabla utume M-Pesa. Spika na kebo ziko Luthuli Avenue, bishana bei. Hedifoni usibanie.

Kitu wengi hawaambiwi ni kwamba klabu zenye CDJ, zile pleya kubwa za Pioneer, hazijali laptopu yako, zinasoma flashi. Zile CDJ-2000NXS2 hazisomi flashi iliyofomatiwa exFAT, ifomati FAT32, pitisha ngoma zako kwa rekordbox, programu ya Pioneer ya kupanga ngoma, ukiwa nyumbani, na ubebe flashi mbili zenye vitu sawa. Ngoma zenyewe ziwe MP3 za 320 kbps. Hizo umetoa YouTube kwa sebule hutasikia shida yoyote, lakini kwa sistimu kubwa besi inakuwa uji. Halafu taa za mikisa zikiwaka nyekundu rudisha sauti chini, si ati unapiga kwa nguvu, unaharibu sauti na spika za wenyewe.

Kuchanganya jifunze na vitu vya hapa. Amapiano iko kama midundo 110 hadi 115 kwa dakika, haus inaanza 120 kwenda juu, gengetone na riddim za dancehall, yani zile biti wasanii wengi wanaimbia, ziko huko karibu na 100, kwa hivyo kutoka riddim kuingia gengetone ni rahisi lakini kutoka hapo kuruka moja kwa moja hadi haus utawachanganya watu miguu, afadhali ukate ngoma kabisa, emsii aongee kidogo, uanze upya. Arbantone nayo ni zawadi kwa dijei, juu wale vijana wamechukua riddim za zamani wakaziimbia, sasa ukianza na riddim yenyewe ya zamani halafu uteleze ile mpya juu yake, wa miaka arobaini na wa ishirini wanapiga nduru pamoja. Na usidharau reggae. Nairobi ukidharau reggae tafuta kazi ingine.

Miksi yako ya kwanza usikimbize kwa meneja wa klabu, ako na mia kama hizo kwa WhatsApp na hajafungua hata moja. Peleka kwa nganya, zile matatu zilizopambwa. Rongai, Umoja, Buru, Ngong, popote unajua makanga. Nganya nyingi ziko na skrini kwa hivyo fanya miksi ya video, iwe saa nzima ama zaidi juu jam ya Rongai unaijua, na jina lako lisikike mara chache tu, kuna madijei wanataja jina kila sekunde thelathini hadi abiria wanaomba ngoma ibadilishwe. Abiria akipenda atauliza makanga huyu ni nani. Hiyo ni tangazo hujalipia.

Kikundi pia kinasaidia. Majina mengi makubwa ya mji huu yalipitia vikundi kama Homeboyz na Code Red, na sababu ni ya kawaida tu, mmoja akiwa na kazi mbili usiku mmoja anakupa moja. Hata mkiwa watatu wa mtaa mnaweza fanya hivyo.

Siku utapewa kufungua, yani saa mbili hadi saa nne usiku, hapo ndio madijei wapya wengi hujichoma. Watu ndio wanaingia, wanakula nyama, wanaongea, na wewe umeshaanza kumwaga ngoma zote kubwa za mwaka kwa sauti ya mwisho hadi weita hasikii oda. Dijei mkubwa akifika saa tano hana kitu cha kupiga na hatakuita tena. Piga vitu watu wanajua lakini hawatasimamia, weka sauti ya kuongelea, pandisha polepole, na umwachie mwenzako klabu ikiwa tayari kulipuka. Ukifanya hivi vizuri nakuhakikishia meneja atauliza namba yako, na weita pia, na weita ndio hukuitia kazi kwa klabu ingine wakihama.

Kupromoti ni hesabu. Tuseme mlango ni 500 na wamelipa watu mia, hiyo ni 50,000. Sauti 15,000, madijei wawili 20,000, emsii 5,000, posta na matangazo 5,000, umebaki na 5,000 na bado hujalipa baunsa wala teksi. Kwa hivyo kabla ya posta, ongea na klabu kuhusu asilimia ya mauzo ya kaunta, na muandikiane, hata kama ni meseji tu. Pesa ya mlango iingie kwa till moja ya M-Pesa, wewe na meneja muione nyote. Na gesti listi, wale wa kuingia bure, ikipita watu ishirini, jua umefanya hisani.

Ukitoka klabuni ukafanyia kwa uwanja ama nyumba ya mtu, leseni ni zako: kaunti, ruhusa ya kelele, na leseni ya muziki ambayo utauliza KECOBO, ile bodi ya hakimiliki, ni shirika gani limeidhinishwa mwaka huo, juu hiyo hubadilika. Karibu na nyumba za watu usijaribu kabisa, mwisho wa 2022 kaunti ilianza kufungia klabu za mitaa ya makazi na kanuni za kelele za NEMA, mamlaka ya mazingira, ziko tangu 2009, jirani mmoja na simu wanatosha kukuzimia mashine saa tano usiku.

Usiku wako wa kwanza weka Alhamisi ama Jumapili, juu Ijumaa na Jumamosi klabu ishajaa bila wewe na haitakupa masharti mazuri. Iwe wiki ya mshahara. Januari ruka.