Namna ya kutambua maana ya neno "bank" katika Kiingereza

Mwanafunzi wa Bukavu, mashariki ya Kongo, aliyesoma kwa Kifaransa hupata taabu ya pekee anapokutana na jina la Kiingereza "bank". Kifaransa kimemzoesha kusema "banque" kwa nyumba ya fedha na "rive" kwa ukingo wa mto, ilhali Kiingereza kinatumia neno moja kwa yote mawili na kumwachia msomaji kazi ya kuyatenganisha. Wala asidhani kwamba "banc" tunalokalia darasani limo humo pia, kwa maana hilo Waingereza huliita "bench".

Anza kwa kuangalia kijineno kinachotangulia. "In the bank" karibu kila mara ni ndani ya benki ya fedha, na "on the bank" ni ukingoni mwa mto. Nikisoma katika daftari kwamba mama fulani anafua nguo "in the bank", najua mara moja kijineno ndicho kilichomponza mwandishi, maana hakuna mlinzi wa benki atakayemruhusu mtu aingie na beseni na sabuni.

Maana ya mto inahitaji uangalifu zaidi. Ukisoma "right bank" au "left bank", jigeuze kuelekea kule maji yanakokwenda, kisha ndipo uhesabu kulia na kushoto. Mto Ruzizi unatoka Ziwa Kivu na kuteremka kusini hadi Tanganyika; kwa hiyo anayeufuata mkondo wake ana Bukavu upande wa kulia na Rwanda upande wa kushoto, hata kama mwingine amesimama akitazama kule maji yanakotoka na kuona mambo yamepinduka. "West Bank" inayotajwa katika habari, yenye herufi kubwa, ni eneo lililo magharibi ya mto Yordani, wala haina uhusiano na fedha. Ziwa, kwa kawaida, halina "bank": pwani ya Kivu ni "shore".

Baada ya hapo tazama kinachofuata. "Bank of clouds" ni wingu zito lililolala kama ukuta, kama tunavyoliona asubuhi fulani juu ya kisiwa cha Idjwi, na "bank of switches" ni safu ya swichi zilizopangwa pamoja. Lakini Mfaransa husema "banc de poissons" kwa kundi la samaki, nawe ukilihamisha kama lilivyo utakosea, kwa kuwa Kiingereza hapo husema "shoal".

Maneno ya kuunganishwa ni mepesi. "Blood bank" ni mahali pa kuhifadhi damu hadi mgonjwa atakapoihitaji, na "power bank" kila muuza simu anaijua. "Bank holiday" ndiyo ya kuangalia, kwani huko Uingereza ni siku ya mapumziko kwa watu wengi, si kwa makarani wa benki peke yao.

Iko sentensi moja ambayo kijineno hakitakusaidia: "The bank collapsed." Usiitafsiri kabla ya kusoma inayofuata. Ikitaja mvua, udongo umeporomoka mtoni. Ikitaja wateja waliopanga mstari mlangoni, basi ni akiba zao zilizo hatarini.