Kuomba shahada ya usimamizi wa wanyamapori: SUA, Mweka na pale wengi wanapokwama

Anza na mwongozo wa udahili wa mwaka huu wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Wa mwaka jana aliokutumia kaka yako achana nao, masharti hubadilika. Kwa waliomaliza kidato cha sita, kiwango cha chini cha kitaifa ni kufaulu masomo mawili ya tahasusi kwa jumla ya pointi 4, A ikihesabiwa 5 na E ikiwa 1. Lakini kila kozi ina masharti yake juu ya hayo, na za wanyamapori zinaegemea sana Biolojia. Soma mstari wa kozi yenyewe, usisome jina la chuo tu.

Tangu 2017 maombi hupelekwa chuoni moja kwa moja, kwenye mfumo wa udahili wa chuo husika. SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) ya Morogoro ina mfumo wake na Mweka, chuo cha usimamizi wa wanyamapori cha Moshi, ina wake, hivyo ada ya maombi utalipa kila mahali. Jisajili kwa namba yako ya mtihani ya kidato cha nne, pata namba ya malipo, lipa, kisha panga kozi. Ya kwanza iwe unayoitaka kweli. Mwenye stashahada atahitaji GPA (wastani wa alama) isiyopungua 3.0 pamoja na AVN, namba ya uhakiki wa stashahada yake kutoka NACTVET, baraza la elimu na mafunzo ya ufundi, aiombe mapema.

Namba ya simu iwe yako, si ya mwenye steshenari anayekujazia maombi. Ukichaguliwa vyuo viwili, namba ya siri ya kuthibitisha chuo kimoja hutumwa kwenye simu au barua pepe uliyojisajili nayo. Usipothibitisha ndani ya muda, nafasi inakwenda kwa mwingine. Ujumbe usipofika, ingia kwenye akaunti yako ya chuo uombe utumiwe tena.

Mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, ni ombi jingine kabisa, usisubiri uchaguliwe ndipo uanze. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, fomu isainiwe serikali ya mtaa na kwa kamishna wa viapo, ndipo uipakie. Kozi hii ina mafunzo ya porini, na porini hakuendeki bila hela.

Pointi zisipotosha, Mweka, iliyoanza 1963, hutoa pia astashahada na stashahada, na Pasiansi kule Mwanza hufundisha askari wa wanyamapori. Ukitoka huko na stashahada yenye GPA nzuri, shahada unaiomba kwa njia ile ya AVN.